Mvua isiyolowesha, ipenyayo kuta za zege

Ndugu msikilizaji, hebu nyoosha mkono wako na ukunjue kiganja kama mtu anayekinga matone ya mvua. Kaa hivyo kwa dakika moja. Katika dakika hiyo chembe zipatazo mia moja kutoka juu angani zitakuwa zimekipenya kiganja chako, zikatokea upande wa pili, zikaingia sakafuni na kuendelea na safari yake ardhini. Hutasikia kitu wala hutaumia. Zilikupitia jana usiku ulipokuwa umelala chini ya bati, ziliwapitia babu zako, na zinampitia hata mfungwa aliye katika chumba chenye kuta za mawe. Chembe hizo huitwa muoni, nazo ndizo mazungumzo yetu ya juma hili. Wanasayansi wamepata njia ya kuzifanya zitueleze kilichomo mahali ambapo jicho la binadamu haliwezi kufika, na pengine mwili wake haupaswi kabisa kufika.

Kwanza tuijue asili yake. Mwaka 1912 mwanasayansi wa Austria aitwaye Victor Hess alipanda angani kwa puto akiwa na vyombo vya kupimia mionzi. Watu wa wakati ule waliamini kwamba mionzi midogo waliyokuwa wakiipima kila mahali ilitoka katika udongo na mawe, hivyo wakategemea kwamba kadiri mtu apandavyo juu ndivyo itakavyopungua. Hess alifika zaidi ya mita 5,200, yaani juu kidogo kuliko kilele cha Mlima Kenya, akakuta kinyume chake. Mionzi ilikuwa inazidi. Haikuwa inatoka chini, ilikuwa inashuka kutoka juu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Leo tunajua kinachotokea. Kutoka anga za mbali huja chembe zenye nguvu kubwa, nyingi zikiwa protoni, zikaigonga hewa ya dunia yetu. Mgongano huo huzaa vipande vingine, na vipande hivyo huzaa muoni, katika kimo cha kilomita 15 hivi juu ya vichwa vyetu. Muoni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1936 na Wamarekani Carl Anderson na Seth Neddermeyer. Ni ndugu wa elektroni, ila ina uzito mara 207. Wakati huo hakuna aliyeitazamia, na inasimuliwa kwamba mwanafizikia Isidor Rabi aliuliza ni nani aliyeagiza kitu hicho, mithili ya mteja hotelini aliyeletewa sahani asiyoitaka.

Maisha ya muoni ni mafupi mno. Huishi kwa wastani wa mara mbili na kidogo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha huvunjika. Ukipiga hesabu ya kawaida, hata ikikimbia karibu na kasi ya mwanga ingepaswa kumalizika baada ya mita 660 tu, na kilomita 15 isingeziona. Lakini inafika, na hufika kwa wingi. Jibu lilitolewa na Einstein: kitu kinachokimbia karibu na kasi ya mwanga, saa yake huenda polepole tukiitazama sisi tuliosimama. Kwa hiyo kila muoni inayopita kiganjani mwako ni ushahidi kwamba mzee yule hakuwa anabahatisha. Hayo yana kipindi chake peke yake, tuyaache hapo.

Jambo linalotuhusu leo ni uwezo wake wa kupenya. Elektroni ni nyepesi, hivyo ikiingia kwenye kitu kizito huyumba na kusimama upesi. Protoni hunaswa na viini vya atomi inazokutana nazo. Muoni haina tatizo la kwanza kwa sababu ni nzito, na haina la pili kwa sababu nguvu zile zinazofungamanisha kiini cha atomi haziishiki. Inapita tu, ikipoteza nguvu kidogo kidogo kwa kila mita. Iliyo dhaifu huishia katika mita chache za mwamba. Iliyo kali hupenya mamia ya mita.

Linganisha na eksirei tunayopigwa hospitalini mtu anapokohoa mfululizo akadhaniwa ana kifua kikuu. Mionzi ya eksirei hupita kwenye nyama na kuzuiwa kwa kiasi na mfupa, ndipo picha ikapatikana. Lakini ukiweka mbele yake risasi, ile madini nzito, au ukuta wa zege wa mita mbili, imekwisha. Tena eksirei hutoka katika mtambo, na ndiyo maana fundi wake hujificha nyuma ya kizuizi kabla ya kubonyeza swichi. Muoni hizi za angani hazitoki katika mtambo wowote wa binadamu. Zipo, zitakuwepo, na anayezitumia kupiga picha haongezi hata moja juu ya zile zinazoshuka. Anachofanya ni kuweka kinasa na kungoja. Sisi watu wa redio tunaielewa kazi hiyo vizuri, kwani kinasa sauti nacho hakisemi kitu, kinasikiliza.

Picha hupatikanaje basi? Chukulia umesimama chini ya mwembe wakati wa mvua. Palipo na majani mengi juu, ardhi ni kavu. Palipo na uwazi kati ya matawi, pamelowa. Mtu asiyeuona mwembe wenyewe angeweza kuitazama ile ardhi, akakuchorea umbo la mti. Muoni hufanya hivyo hivyo. Zinazopita kwenye mwamba mzito huzuiwa zaidi, zinazopita penye tundu huzuiwa kidogo. Ila kuhesabu peke yake hakutoshi, lazima ujue kila moja imetoka upande gani. Kwa sababu hiyo vinasa huwekwa katika tabaka mbili au zaidi, moja nyuma ya nyingine. Muoni ikigusa tabaka la kwanza hapa na la pili pale, unapiga mstari kati ya alama hizo mbili na kuurefusha, nao unakuonyesha ilikotoka.

Mwaka 1955 E. P. George alitumia kinasa cha namna hii ndani ya handaki nchini Australia kukadiria uzito wa mwamba uliokuwa juu yake. Ilikuwa kazi ya kihandisi, isiyo na kelele. Kelele zilianza Misri.

Piramidi ya Firauni Khufu pale Giza ina vyumba ndani yake, hata juu katikati ya jengo. Ya mwanawe Khafre, iliyo jirani na karibu kubwa sawa, ina chumba kimoja tu kikuu kinachojulikana, nacho kiko chini. Mmarekani Luis Alvarez alijiuliza: yawezekana mwana alijenga kwa usahili kuliko baba, au alificha kwa ustadi zaidi? Kwa ushirikiano wa wataalamu wa Misri na Marekani, waliweka vinasa katika kile chumba cha chini. Walikuwa tayari kuanza mwaka 1967, vita vya Juni kati ya Waarabu na Israeli vikazuka na kazi ikasimama. Ilianza tena mwaka 1968, na majibu yakachapishwa mwaka 1970. Waliiona picha ya kingo nne za piramidi, waliona hata kofia ya mawe laini iliyosalia kileleni. Chumba hapakuwa na chumba, katika eneo walilolitazama, ambalo ni kama sehemu moja ya tano ya piramidi.

Inasimuliwa kwamba watu walipomwambia Alvarez pole kwa kutogundua chumba, yeye aliwasahihisha: wamegundua kwamba hakuna chumba. Mimi napenda jibu hilo, maana katika kazi yetu ya habari mtu akirudi na kusema "nimekwenda, nimetazama, hakuna" humpati mhariri wa kumpa ukurasa wa mbele.

Zamu ya Khufu mwenyewe ilikuja baadaye. Oktoba 2015 ulianza mradi uitwao ScanPyramids, ukiongozwa na Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Cairo pamoja na taasisi moja ya Ufaransa. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Nagoya walitandika ndani ya chumba kiitwacho cha Malkia filamu maalumu, ambazo wenye umri wangu wataziita jamaa wa filamu za kamera za zamani. Muoni ikipita huacha mstari mdogo sana unaoonekana kwa hadubini baada ya filamu kusafishwa. Hazihitaji umeme, nalo ni jambo la maana ndani ya piramidi. Kundi la pili kutoka Japani lilitumia plastiki inayotoa mmweko muoni inapoipita, na Wafaransa wakaweka vinasa vya gesi nje ya jengo, juani.

Novemba 2017 makundi yote matatu yalitangaza kwa pamoja katika jarida la Nature kwamba juu ya ile korido kubwa ya ndani kuna uwazi mwingine usiojulikana, wenye urefu usiopungua mita 30. Hapo ndipo magazeti ya dunia yalipojaa "chumba cha siri" na "hazina ya Firauni". Wanasayansi hawakusema hivyo. Walisema uwazi. Zahi Hawass, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya kale wa Misri, alipinga hata huo msisimko, akieleza kwamba piramidi ina nafasi nyingi zilizoachwa na wajenzi na kwamba hilo si lazima liwe jambo jipya. Mabishano hayo ni halali. Muoni hukuambia penye mawe machache. Hazikuambii ni kwa nini mjenzi hakuweka mawe.

Lakini kuna palipothibitishwa kwa macho. Vinasa hivyo hivyo vilikuwa vimeonyesha uwazi mdogo nyuma ya mawe yaliyoegemeana kama paa, juu ya mlango wa asili wa upande wa kaskazini. Wataalamu walitafuta upenyo kati ya mawe, wakaingiza kamera nyembamba yenye mrija kama ile inayotumiwa na madaktari kutazamia tumbo. Machi 2023 picha zikaonyeshwa hadharani: korido yenye urefu wa mita 9 hivi na upana wa mita 2, dari yake mawe yaliyoegemeana, na ndani yake hakuna kitu. Miaka 4,500 hapana mtu aliyeitazama. Muoni ziliiona kwanza, kamera ikaja kusema kweli.

Hiyo ni njia ya kivuli. Iko na ya pili, ambayo ilitangazwa mwaka 2003 na wanasayansi wa maabara ya Los Alamos nchini Marekani. Muoni inapopita karibu na kiini cha atomi hupindishwa kidogo katika njia yake. Atomi ikiwa nyepesi, kama ya maji au ya alumini, mpindo ni mdogo mno. Ikiwa nzito, kama ya risasi au urani, mpindo ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo ukiweka vinasa juu ya kitu na chini yake, ukapima kila muoni ilivyoingia na ilivyotoka, unaweza kutambua kama kilichomo ni chuma cha kawaida au madini nzito.

Msikilizaji wa mjini wenye bandari atakuwa ameshaona faida yake. Msafirishaji mbaya akificha urani ndani ya boksi la risasi, katikati ya kontena lililojaa vipuri vya magari, eksirei itaonyesha doa jeusi tu lisilosomeka. Kwa muoni, kadiri boksi linavyokuwa zito ndivyo linavyojitangaza. Kinga yenyewe ndiyo inayomsaliti. Na dereva anaweza kubaki kwenye lori lake bila kupigwa mionzi ya ziada.

Sasa twende mahali ambapo ujuzi huu ulikuwa na uzito kuliko kote. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa lilipiga pwani ya mashariki ya Japani, likafuatiwa na mawimbi ya bahari yaliyoupita ukuta wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi. Umeme wa kupozea ukakatika. Katika vinu vitatu, cha 1, cha 2 na cha 3, mafuta ya nyuklia, yaani vijiti vyenye oksaidi ya urani, yaliyeyuka. Watu zaidi ya 150,000 waliondoka majumbani mwao.

Baada ya hapo lilikuja swali moja ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: yale mafuta yaliyoyeyuka yako wapi? Bado yamo ndani ya pipa la chuma la kinu, au yalitoboa chini na kumwagikia kwenye zege? Si swali la udadisi. Kama hujui yalipo, hujui pa kutoboa, hujui upeleke chombo gani, hujui umwage maji wapi, na huwezi kumwambia mtu aliyekimbia lini kazi itakwisha. Binadamu hawezi kuingia humo akatoka mzima. Hata mashine zilishindwa: Aprili 2015 roboti iliyoingizwa katika kinu cha 1 ilikwama, ikaachwa humo humo.

Hapo ndipo zikaitwa muoni. Hebu fikiri kopo la lita moja. Likijaa maji lina uzito wa kilo moja. Likijaa zege, kilo mbili na zaidi kidogo. Chuma, karibu kilo 8. Likijaa mafuta ya nyuklia, karibu kilo 11. Tofauti hiyo ndiyo kivuli kinachotafutwa. Wataalamu wa taasisi ya utafiti ya KEK walikuwa wamekwisha kufanya majaribio nje ya kinu kingine kizima, cha Tokai, na wakaona inawezekana. Februari 2015 wakaweka vinasa vyao nje ya jengo la kinu cha 1. Ilibidi wavifungie katika masanduku ya chuma kinene, kwa kuwa mionzi ya kituo chenyewe ingevijaza kelele, kama mtu anayejaribu kusikiliza taarifa ya habari kando ya mashine ya kusaga.

Walingoja kwa wiki, si kwa dakika. Muoni nyingi hushuka kutoka utosini, na zinazokuja kwa ubavu ni chache. Kinasa kilichokaa nje ya jengo kinategemea hizo chache. Picha ilipokamilika, mahali palipopaswa kuwa na mafuta katika kinu cha 1 palikuwa patupu. Yalikuwa yameondoka karibu yote. Kinu cha 2 kilitazamwa kati ya Machi na Julai 2016, majibu yakawa tofauti: sehemu kubwa ya mzigo mzito ilionekana imetuama chini ya pipa la kinu. Mwaka 2017 ikaja zamu ya cha 3, nako hakukuonekana rundo kubwa lililosalia ndani.

Vinu vitatu, ajali moja, na tabia mbalimbali. Binafsi nadhani hilo ndilo lililokuwa na thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu mpango wa kusafisha cha 1 usingeweza kunakiliwa tu kwa cha 2.

Isidhaniwe kwamba muoni zilimaliza kazi. Kinasa kilicho juu ya ardhi hakiwezi kutazama chini ya usawa wake, kwa kuwa mvua hii haitoki ardhini kwenda juu. Hivyo yale yaliyodondoka hadi sakafu ya chini kabisa hayakuonekana. Tena picha zake ni za ukungu, vipande vidogo hupotea. Januari 2018 kamera iliyoshushwa chini ya kinu cha 2 iliona mpini wa fungu la vijiti vya mafuta umelala sakafuni, maana yake hata kule ambako mengi yalibaki juu, mengine yalikuwa yameshuka. Hakuna ugomvi kati ya shahidi hawa wawili. Kila mmoja alitazama kwa dirisha lake.

Ujuzi umesonga mbele tangu hapo. Huko Ufaransa, katika kinu cha zamani cha Marcoule kinachobomolewa, wataalamu waliunganisha picha zilizopigwa kutoka pande nyingi wakapata umbo kamili la ndani, na matokeo yakatolewa mwaka 2023. Kule Japani, Hiroyuki Tanaka wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliwahi kulitazama kwa njia hiyo hiyo tumbo la volkeno ya Asama.

Kwa Fukushima yenyewe, serikali ya Japani ilijipa miaka 30 hadi 40 tangu ajali. Mafuta yaliyoyeyuka pamoja na vyuma na zege iliyochanganyika nayo inakadiriwa kuwa tani 880. Novemba 2024, kwa kutumia fimbo ndefu yenye kibanio mwishoni, wafanyakazi walifaulu kwa mara ya kwanza kutoa kipande kutoka kinu cha 2. Kilikuwa na uzito wa gramu 0.7.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu barua za wasikilizaji walioniuliza kuhusu hilo la Einstein na saa inayochelewa.